Dawa za kifafa za mwanangu na safari ya kuvuka Horohoro

BARUA

Assalaam alaykum, Mzee wetu Mfamasia. Shikamoo.

Mimi ni mama ninayeishi Makorora, hapa Tanga mjini. Nina kijana wa miaka 17 ambaye anaugua kifafa tangu utoto wake. Huhudhuria kliniki ya afya ya akili hospitalini, maana huko ndiko wagonjwa wa kifafa wanakofuatiliwa, na anatumia dawa mbili: fenobabitoni, vidonge vitatu vya miligramu 30 kila usiku, pamoja na kabamazepini asubuhi na jioni. Alhamdulillahi, tangu daktari alipompangia dawa hizo kwa pamoja hajaanguka tena, na amemaliza kidato cha nne bila kukosa mtihani hata mmoja.

Dada yangu mkubwa ameolewa Mombasa. Amefanyiwa upasuaji na ameniomba niende kumuuguza, na huenda tukakaa huko miezi minne. Kijana wangu siwezi kumwacha nyuma, kwa sababu hapa nyumbani hakuna mtu mwingine anayejua kumsimamia dawa zake. Tutasafiri kwa basi, tuvuke Horohoro na Lunga Lunga hadi Likoni.

Kinachonikosesha usingizi ni dawa. Binti wa jirani yetu alivuka mpaka akiwa na vidonge vyake ndani ya vile vibahasha tunavyopewa dirishani hospitalini. Alipokaguliwa hakuweza kueleza ni dawa gani, vikachukuliwa, naye akaendelea na safari bila dawa. Kaka yangu aliposikia hayo alinishauri nivichanganye vidonge vyote kwenye kopo la vitamini, nivuke kimya kimya, kwa hoja kwamba vitamini hakuna anayeziuliza. Mwingine ameniambia nichukue dawa za mwezi mmoja tu, nyingine nitumiwe kwa kondakta wa basi. Tena yuko mama mmoja wa mtaani ambaye, baada ya kusikia kwamba nasafiri, ameniletea mfuko wa dawa za maumivu nimpelekee nduguye huko Mombasa, nami naona haya kumkatalia kwa kuwa tumeishi kwa wema miaka mingi.

Liko na jambo jingine, Mzee wangu, ambalo ni gumu kulisema. Mwanangu hataki abiria wenzake wajue anaumwa nini. Shuleni alitengwa, wapo waliokuwa hawataki hata kunywa maji kwa kikombe alichokitumia. Naogopa nikianza kueleza habari za dawa mbele ya basi zima atafedheheka, na safari yote itamwia nzito.

Naomba uniongoze. Je, dawa hizi zinaruhusiwa kuvuka? Nichukue kiasi gani? Na nifanye nini na ule mfuko wa watu?

Mama wa Makorora, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Nimeisoma barua yako kwa makini, na kwanza nakupongeza kwa namna ulivyomlea kijana huyu mpaka akamaliza shule huku kifafa chake kikiwa kimetulia. Hali hiyo ya kutulia ndiyo tunayotaka kuilinda katika safari hii.

Dawa za mwanao zinaweza kuvuka mpaka kihalali, lakini haziko daraja moja, na hapo ndipo wasafiri wengi wanapokwama. Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, ni dawa ya kuandikiwa na daktari kama zilivyo dawa za presha, na haimo katika majedwali ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa. Fenobabitoni imo. Imewekwa katika jedwali la nne la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaohusu dawa zinazoathiri akili, mahali pamoja na diazepamu, kwa sababu mtu asiye mgonjwa anaweza kuitumia vibaya na mwili ukaizoea. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa mkataba huo. Isikutishe, kwani mkataba wenyewe, katika kifungu chake cha 4, umezipa nchi nafasi ya kumruhusu msafiri abebe kiasi kidogo cha dawa hizo kwa matibabu yake mwenyewe. Lakini kifungu hichohicho kimeipa kila nchi haki ya kujiridhisha kwamba dawa hizo zimepatikana kihalali. Kwa hiyo kazi yako yote kabla ya safari ni kumwezesha afisa wa pale mpakani ajiridhishe upesi, kwa macho yake, bila kulazimika kukuamini kwa maneno.

Sasa tuvitazame vile vibahasha. Mimi nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka mingi, na najua kwa nini tunavitumia: dawa huja hospitalini kwenye makopo makubwa ya vidonge elfu moja, mfamasia anahesabu za mgonjwa, anazitia kwenye kibahasha na kuandika kwa kalamu namna ya kumeza. Kwa mgonjwa anayerudi nyumbani kwake hilo linatosha. Kwa mgonjwa anayevuka mpaka halitoshi hata kidogo, kwa kuwa kibahasha chenye maandishi ya "3 x 1" hakimwambii mtu yeyote ni dawa gani, ni ya nani, imetoka wapi na itaisha muda wake lini. Vidonge vya fenobabitoni ni vidogo na vyeupe, na havina tofauti ya kuonekana kwa macho na vidonge vingine chungu nzima. Binti wa jirani yenu huenda alikuwa na haki zote za kubeba dawa zake, ila hakuwa na kitu cha kuonyesha haki hiyo.

Nenda kwa mfamasia wa hospitali mnayotibiwa, mweleze kwamba mnasafiri nje ya nchi, na umwombe dawa zikae kwenye pakiti au kopo la kiwandani ambalo halijafunguliwa. Ikishindikana, akupe chombo safi chenye kifuniko, kilichobandikwa lebo ya hospitali yenye jina kamili la mgonjwa, jina la dawa, uzito wa kila kidonge kwa miligramu, idadi ya vidonge, namna ya kutumia, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha muda. Usione haya kuomba. Mfamasia anayejua kazi yake ataelewa mara moja, na kama aliye dirishani siku hiyo ana haraka, omba kuonana na mfamasia mkuu wa hospitali.

Kaka yako amekushauri kwa mapenzi, najua, lakini katika yote uliyoyaandika ushauri wake ndio ulionitia hofu kubwa zaidi. Vidonge vya fenobabitoni vikikutwa ndani ya kopo la vitamini, hakuna tena habari ya mama anayembebea mwanawe dawa. Panakuwa na dawa inayodhibitiwa kisheria iliyofichwa katika kopo lenye jina la kitu kingine, na kitendo cha kuficha ndicho kitakachosemwa dhidi yako. Hapa kwetu mambo hayo yanaangukia Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994. Zote mbili zina adhabu nzito. Isitoshe, ukichanganya vidonge vya aina mbili kwenye kopo moja, usiku mmoja wa uchovu unaweza kumpa kijana dozi isiyo yake. Na kama atatokea mtu wa kukushauri uzipitishe kwa njia za panya, au kwa mashua kutoka Jasini hadi Vanga, mkatalie moja kwa moja.

Baada ya chombo, zinafuata karatasi. Muone daktari wa kliniki, na usisubiri wiki ya safari. Mwombe cheti cha dawa kipya pamoja na barua iliyo kwenye karatasi rasmi ya hospitali, yenye sahihi yake, jina lake na muhuri. Barua iseme jina la mgonjwa na namba yake ya pasipoti au ya hati ya safari, itaje ugonjwa, dawa zote mbili kwa majina yake ya kitaalamu, dozi ya kila siku, jumla ya vidonge mtakavyobeba, na tarehe za kuondoka na kurudi. Kwa kuwa kijana hajafikisha miaka 18, barua ikutaje na wewe kama mzazi anayembebea na kumsimamia dawa. Muombe aiandike kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya maandishi katika hospitali na ofisi nyingi za upande wa pili. Majina pia yana mkanganyiko wake: fenobabitoni na fenobabitali ni dawa ileile, na ni vyema daktari ayaandike majina yote mawili ili afisa asidhani kwamba barua inasema jingine na pakiti jingine.

Hapo kwenye majina usipite haraka. Sisi watu wa Pwani mtoto huandikishwa kliniki kwa jina la nyumbani, shuleni akaitwa kwa jina la babu, na pasipoti ikatoka kwa majina matatu ya cheti cha kuzaliwa. Kagua kadi ya kliniki, cheti cha dawa, lebo na hati ya safari, uhakikishe vyote vinasoma jina moja. Dawa iliyoandikwa jina lisilo kwenye hati ya msafiri itahesabiwa kuwa ya mtu mwingine, hata kama ninyi wawili mnajua ukweli. Ukishamaliza, toa nakala za karatasi zote na upige picha kwenye simu, lakini usafiri na karatasi halisi.

Umeuliza kiasi. Miezi minne ni takribani siku 120, na kwa vidonge vitatu kila usiku hiyo ni fenobabitoni 360. Sikushauri ubebe kiasi hicho. Nchi nyingi zimeweka siku 30 kuwa kikomo cha dawa zinazodhibitiwa ambazo msafiri anaweza kuzibeba kwa matumizi yake, na hata pale ambapo sheria haijataja idadi, mamia ya vidonge yanamfanya afisa aanze kufikiria biashara. Beba za mwezi mmoja, yaani vidonge 90, na uombe daktari aandike idadi hiyohiyo kwenye barua ili anayehesabu akute yanalingana. Kabla hujaondoka, daktari au mfamasia wa hospitali akuulizie kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, kama kwa kiasi hicho mnahitaji kibali cha kutoka nacho, na dada yako aulizie kwa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya kuhusu kuingia nacho. Majibu yakija kwa maandishi, yaambatishe na barua ya daktari. Jambo hili ndilo linalochukua muda, na ndiyo maana nakuhimiza uanze sasa.

Miezi mitatu iliyobaki mwanao atibiwe Mombasa. Usikubali kabisa kutumiwa dawa kwa kondakta. Nafasi ambayo sheria inampa msafiri inamhusu mgonjwa na dawa zake, au mzazi aliyeandamana na mtoto wake. Kifurushi kinachosafiri peke yake mikononi mwa kondakta ni uingizaji wa dawa usio na kibali, na atakayekamatwa ni yule kijana wa basi ambaye hajui kilichomo ndani. Badala yake, mwombe daktari wako barua ya pili, ya rufaa, ieleze historia ya kifafa cha kijana: kilianza lini, anaanguka vipi, alishajaribiwa dawa gani na zikashindwa, na kwamba mchanganyiko huu wa sasa umemtuliza. Fika nayo Hospitali Kuu ya Pwani pale Mombasa, au kliniki nyingine ambayo dada yako anaifahamu, katika wiki ya kwanza baada ya kuwasili, wala usingoje vidonge vibaki vitano. Dawa zote mbili zinatumika Kenya pia, lakini famasi ya kule itataka cheti cha daktari aliyesajiliwa kule, kwa hiyo cheti cha Tanga peke yake kisikupe matumaini ya kununulia.

Nakusisitizia hilo la kutongoja kwa sababu moja ambayo kila mama wa mgonjwa wa kifafa anapaswa kuishika. Fenobabitoni haikatishwi ghafla. Mwili ulioizoea kwa miaka ukiikosa ghafla unaweza kuingia katika degedege linalofuatana moja baada ya jingine bila mgonjwa kuzinduka katikati, na hiyo ni dharura inayoweza kuua. Ndiyo maana dawa zikae kwenye mkoba wako wa mkononi, katu zisiwe kwenye begi lililo buti ya basi, na dozi ya usiku huo iwe karibu kwani foleni ya mpakani haina ratiba. Mungu apishe mbali, zikizuiliwa, usigombane na usitoe pesa ya kupita. Omba kwa heshima kuonana na mkaguzi wa dawa au afisa afya wa kituo, onyesha barua, na uombe maandishi yanayoeleza nini kimechukuliwa na kwa sababu gani. Kisha mpeleke kijana hospitali iliyo karibu kabla ya muda wa dozi yake, hata ikibidi kurudi Tanga.

Sasa lile lililokuwa gumu kulisema. Mwanao ana haki ya kuficha ugonjwa wake kwa abiria, na kumlinda katika hilo hakukuzuii kusema ukweli kwa afisa. Kituo cha Horohoro na Lunga Lunga kina maafisa wa nchi zote mbili, na abiria hushuka kwa ajili ya ukaguzi. Weka barua na dawa pamoja kwenye bahasha moja ngumu. Zamu yenu ikifika, mpe afisa ile barua kabla hajafungua mkoba, na umwambie kwa sauti ya chini, "Nimebeba dawa za mwanangu, maelezo yote yamo humu, naomba kama kuna swali tuzungumze pembeni." Ugonjwa umeandikwa ndani ya barua, hakuna haja ya kuutamka. Zungumza na kijana mapema, tena umshirikishe: ana miaka 17, mwache aijue dozi yake kwa majina na miligramu, kwani siku si nyingi atasafiri peke yake. Na wale waliokataa kikombe chake walidanganywa na mtu. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa kikombe, wala kwa kumshika mgonjwa anapoanguka. Namwombea apate marafiki wanaolijua hilo.

Ule mfuko wa dawa za maumivu urudishe kwa mwenyewe leo. Najua ujirani wa Makorora ulivyo na sitaki uupoteze, lakini dawa za mtu ambaye hayumo safarini hazina namna ya kuitwa matumizi yako binafsi, na hujui kilichomo. Dawa za maumivu zina zile ambazo ni za kawaida na zina zile zenye kodeini au mofini, zinazodhibitiwa chini ya mkataba mwingine wa Umoja wa Mataifa, ule wa mwaka 1961 unaohusu dawa za kulevya. Tramadoli haimo kwenye mikataba hiyo, lakini zipo nchi zilizoiwekea udhibiti mkali kwa sheria zao, Misri ikiwa mojawapo. Mwambie jirani yako kwa upole kwamba umeulizia kwa wataalamu ukaambiwa ukikutwa na mfuko huo mpakani, mwanao na nduguye wanaweza kukosa dawa wote wawili, na kwamba mgonjwa wake aonane na daktari kule aliko.

Kwa wasomaji wengine ambao safari zao huendelea mbele zaidi, kwa mfano kwenda Falme za Kiarabu, jueni kwamba huko dawa zinazodhibitiwa huombewa kibali cha mamlaka za huko kabla ya msafiri kupanda ndege, na barua ya daktari peke yake haitoshi. Kila nchi utakayoingia, na hata ile ya kubadilishia ndege, iulizie sheria yake peke yake.

Limebaki la kurudi, ambalo wengi hulisahau. Wakati wa kurudi Tanga utakuwa na dawa ulizopewa Mombasa, na wakaguzi wa upande wetu nao watataka kujua zimetoka wapi. Omba kliniki ya kule ikupe barua kama ile uliyotoka nayo, tunza cheti cha dawa na risiti ya famasi, ziache dawa kwenye pakiti zake, na ubebe zinazomtosha kijana mpaka tarehe yake ya kliniki hapa, ambayo ni vizuri uipange na daktari wako kabla hujapanda basi la kwenda.